Mhusika wangu ni nahodha, lakini mezani sauti yangu haifiki: meza ya mchezo wa uigizaji irekebishwe vipi?

Binti_Dadu ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limeanza kunipunguzia hamu ya mchezo ninaoupenda sana. Nacheza michezo ya uigizaji ya mezani, ile ambayo msimulizi mmoja huongoza hadithi, kila mchezaji hubeba mhusika wake, na dadu huamua kama jambo lililojaribiwa limefaulu au limeshindikana. Katika kundi letu mimi ndiye mwanamke pekee. Wenzangu si watu wabaya. Walinikaribisha kwa moyo mkunjufu, huniwekea nafasi, na kikao kikiahirishwa hawasahau kunijulisha mapema. Tatizo huanza pale mchezo wenyewe unapoanza.

Mhusika wangu ni nahodha wa kikosi cha askari wa kukodiwa. Katika kikao kilichopita tulifika kwenye lango la mji uliozingirwa na adui, nikasema kwamba nahodha anasogea mbele na kumtaka mkuu wa zamu aeleze masharti ya kuingia. Msimulizi, akiigiza sauti ya mkuu huyo, aligeuza uso na kumjibu mchezaji aliyekaa kulia kwangu, ambaye mhusika wake ni mwizi na alikuwa hajatamka neno. Mazungumzo yote yakaendelea baina yao wawili. Nilipohoji, niliambiwa kwamba katika dunia ya ngome na mapanga mkuu wa lango asingezungumza na mwanamke ilhali mwanamume yupo karibu, na kwamba huo ndio uhalisia. Baadaye, mapigano yalipoanza, mwenzangu wa upande wa pili alinyoosha mkono akaisogeza sanamu yangu, ile ndogo inayomwakilisha mhusika wangu kwenye ramani, kabla sijasema nataka kwenda wapi, akaniambia hapo ndipo pazuri, kisha akaivuta karatasi ya mhusika wangu, yenye alama za uwezo wake, na kunisomea dadu ninazopaswa kurusha. Kanuni nazijua, na karatasi ile niliijaza mwenyewe.

Kuna jambo la tatu ambalo ni zito zaidi. Wahusika wa kike wanaoigizwa na msimulizi wetu ni wa aina mbili: yule anayehudumu kwenye nyumba ya wageni, ambaye wachezaji hushindana kumtongoza, na yule anayekutwa amefungwa au ameuawa ili wahusika wetu wapate sababu ya kulipiza kisasi. Wakati fulani askari wa adui walimkamata nahodha wangu, na maelezo yakaanza kuelekea mahali ambapo sikutaka kabisa yafike. Nilinyamaza, mtu mmoja akacheka, na tukio likapita kana kwamba halikuwa na uzito wowote.

Ninachouliza ni hiki: je, haya ni mazoea ya kundi langu tu, au yana mizizi katika mchezo wenyewe? Na kuna njia gani ya kuyarekebisha bila mimi kugeuzwa msimamizi wa adabu za watu wazima? Sitaki kuacha kucheza. Napenda kuwa nahodha.

Mzee_wa_Kanuni amejibu:

Dada Binti_Dadu, pole kwa yaliyokukuta. Nitajibu sehemu ya kwanza ya swali lako, kwa kuwa nimekuwa nikikusanya vitabu vya kanuni za zamani na jibu lake limeandikwa humo waziwazi.

Mchezo ulioanzisha aina hii yote, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na kampuni iliyoitwa TSR. Waliouunda, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoka katika michezo ya vita ya sanamu ndogo, burudani ambayo karibu kila aliyekuwamo alikuwa mwanamume, na waliuandika mchezo wao kwa ajili ya watu waliowafahamu. Mwaka 1976 jarida la kampuni hiyo, The Dragon, lilitoa makala ya Len Lakofka iliyokusudia kuwavuta wanawake mezani kwa kuwawekea wahusika wa kike kanuni zao peke yao. Wahusika wengine wote walikuwa na alama ya mvuto, ambayo hupima uwezo wa kuongoza watu na kuwashawishi. Mhusika wa kike aliondolewa alama hiyo, na badala yake akapewa alama ya urembo, pamoja na uwezo wa kuwapumbaza wanaume kwa sura yake. Mweke nahodha wako chini ya kanuni hiyo uone kinachotokea: kile kinachomfanya kuwa kiongozi wa kikosi kinafutwa kwenye karatasi, na mahali pake panaandikwa jinsi anavyoonekana machoni pa wengine. Sina shaka kwamba mwandishi aliamini anafungua mlango. Ndiyo maana naiona makala hiyo kuwa ya kufundisha kuliko matusi ya wazi, kwani inaonyesha kwamba mtu anaweza kumkaribisha mwanamke na papo hapo akampangia mahali pa kukaa.

Makala ya jarida mtu angeweza kuiacha, lakini kitabu rasmi hakikuachwa. Kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, kilichotoka mwaka 1978, kiliweka ukomo wa nguvu kwa kufuata jinsia. Mpiganaji mwenye nguvu 18, alama ya juu kabisa ya kawaida, alirusha dadu za asilimia kuona nguvu hizo zimefika wapi. Binadamu wa kiume aliweza kufika 00, yaani mia kamili, na wa kike aliishia 50. Kwa asiyezoea hesabu hizo, maana yake ni kwamba mpiganaji wa kiume aliyefika kileleni aliongeza 3 kwenye dadu ya kulenga na 6 kwenye madhara ya pigo, ilhali wa kike aliyefika kwenye ukomo wake aliongeza 1 na 3. Hapakuwa na alama nyingine aliyoongezewa ili kufidia pengo hilo. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha msimulizi, na ndani yake mna jedwali la dadu la kuamua wahusika wamekutana na kahaba wa aina gani mitaani, limepangwa kwa utaratibu kamili kama yalivyopangwa majedwali ya hazina.

Ukomo wa nguvu uliondolewa katika toleo la pili, mwaka 1989, na mchezo haukuanguka. Sasa tazama hoja ya uhalisia uliyopewa mezani. Kitabu kile kile cha 1978 kilimruhusu mpiganaji mzoefu asimame mbele ya joka, amwagiwe moto wa pumzi yake, kisha aendelee kupigana. Wachawi walirusha miali ya radi kwa maneno machache na kipande cha manyoya. Katika hayo yote hakuna aliyedai uhalisia, na uhalisia ukakumbukwa tu mwanamke alipotaka kuinua upanga mzito. Kwa hiyo mkuu wako wa lango hakuitwa na historia ya ngome yoyote, kwa sababu ni mtu aliyebuniwa, sekunde chache kabla ya kukupuuza, na msimulizi aliyekuwa na uhuru wote wa kumbuni kwa namna nyingine.

Nisingependa uondoke ukidhani kwamba wanawake ni wageni katika historia hii. Lee Gold alianzisha Alarums & Excursions mwaka 1975, jarida ambalo wachezaji walilitumia kujadiliana kanuni na kusimuliana kampeni zao, yaani hadithi ndefu zinazochezwa kwa vikao vingi, na aliliendesha kwa zaidi ya miongo minne. Jean Wells aliajiriwa na TSR mwaka 1979 katika idara ya ubunifu wa michezo, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Tukio aliloliandika, yaani hadithi iliyotayarishwa ili msimulizi aiongoze mezani, liliitwa Palace of the Silver Princess; lilichapwa mwaka 1981 kisha likaondolewa sokoni karibu mara tu lilipotoka, na lilipotolewa upya lilikuwa limeandikwa kwa sehemu kubwa na Tom Moldvay. Ravenloft ya 1983, hadithi nyingine ya aina hiyo, ambayo mpaka leo watu wanaicheza na kuiandika upya, ni kazi ya Tracy Hickman na mkewe Laura. Margaret Weis ni mmoja wa walioijenga dunia ya kubuni ya Dragonlance. Walikuwapo tangu vitabu vya mwanzo, na waliongeza mengi.

Bi_Ramani amejibu:

Nimefurahi kwamba Mzee ameanza na vitabu, kwa sababu nami nataka niseme juu ya meza yenyewe. Nimekuwa msimulizi kwa miaka mingi na nimekaa pande zote mbili za skrini ya msimulizi, ile inayoficha maandishi yake wachezaji wasiyaone. Katika uzoefu wangu, mwanamke haondoki kundini kwa sababu ya kanuni iliyoandikwa, na mara nyingi hata tusi halihitajiki. Huondoka kwa sababu ya mambo kama lile la sanamu.

Naomba wasomaji wanaume walitafakari jambo hilo la sanamu kabla ya kuliona dogo. Mchezo huu hauna ubao wa mabao wala mshindi. Kitu pekee ambacho mchezaji anamiliki mezani ni uamuzi wa mhusika wake: anaenda wapi, anasema nini, anahatarisha nini. Anayeisogeza sanamu ya mwenzake kwa nia ya kumsaidia amechukua kile kimoja alichokuja kukifanya. Kwangu kanuni ni moja tu nayo haina msamaha: mkono wa mchezaji haugusi sanamu, dadu wala karatasi ya mwenzake bila kuombwa. Naitangaza kwa wote kabla ya dadu ya kwanza, bila kumtaja mtu, na ikivunjwa nairudisha sanamu mahali pake na kumuuliza mwenye sanamu anataka nini. Huchukua muda mfupi sana. Anayefanya kazi hiyo ni msimulizi. Mchezaji aliyenyang'anywa zamu hapaswi kuwa pia ndiye anayeipigania.

Kuhusu mkuu wa lango, nina maoni tofauti kidogo na Mzee. Sioni kosa kwa dunia ya kubuni kuwa na watu wenye dharau, ilimradi wachezaji wamekubali kucheza katika dunia ya namna hiyo. Kosa lilikuwa kwamba dharau ile haikufunguliwa kuwa jambo la kuchezwa. Msimulizi akisema "mkuu wa zamu anakutazama, kisha anamgeukia mwizi, unafanya nini?", hapo nahodha ana nafasi: anaweza kuweka hati ya mfalme mezani, anaweza kuwaamuru askari wake wateremke kwenye farasi kwa mara moja ili mkuu yule aone wanamtii nani, anaweza kurusha dadu. Dharau imegeuka kizuizi kama ukuta au mto, na mchezaji ndiye anayetafuta njia ya kuuvuka. Lakini msimulizi akigeuza uso wake mwenyewe, kwa mwili wake halisi, na kuzungumza na mwanamume halisi aliyekaa karibu, aliyepuuzwa si mhusika tena.

Wahusika wa msimulizi ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri, na hapa nakubaliana kabisa na malalamiko yako. Hata vitabu vya kufundishia vilifanya hivyo. Seti ya mwanzo ya Dungeons & Dragons iliyotoka mwaka 1983, iliyoandikwa na Frank Mentzer, inamwanzisha msomaji kwa safari fupi ya kusoma peke yake. Humo anakutana na Aleena, kuhani wa kike anayemtibu, anayemfundisha mambo ya msingi, na anayepigana bega kwa bega naye. Kisha mchawi Bargle anamuua. Kuna watu wazima ambao mpaka leo wanamkumbuka Aleena kwa huzuni ya kweli, na hiyo ni sifa kwa mwandishi. Hata hivyo somo ambalo maelfu ya wasimulizi chipukizi walilipata ni kwamba mwanamke mwema katika hadithi anakuwepo ili afe na kumpa mchezaji hasira ya kuendelea.

Dawa yake haihitaji kipaji. Kabla ya kikao naandika majina ya watu ambao huenda wakahitajika, nusu ya kike na nusu ya kiume, bila kuandika kazi zao. Mchezo ukihitaji mhunzi, natumia jina linalofuata. Ukihitaji jambazi, hakimu, mkuu wa zamu au mfadhili mwenye siri, natumia jina linalofuata. Sichagui, kwa kuwa najua nikichagua kwa haraka akili yangu itanipa mhunzi mwanamume na muuguzi mwanamke kila mara. Baada ya vikao vichache dunia nzima inabadilika, majambazi wa kike wanakuwa na deni na visasi, malkia wanakosea vita, na wachezaji wanaume ndio wa kwanza kusema kwamba hadithi imekuwa na watu zaidi.

Tukio la kukamatwa kwa nahodha ni la aina nyingine, nami nisingelisubiri lijirudie. Kundi linahitaji kikao sifuri, yaani mazungumzo kabla ya kampeni, au katikati yake kama hayakufanyika mwanzoni, ambamo watu wanakubaliana hadithi itagusa nini na haitagusa nini. Mbunifu wa michezo Ron Edwards, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alipendekeza utaratibu wa mistari na mapazia ambao wengi wetu tunautumia: lililo nyuma ya mstari halitokei kabisa katika hadithi hii, na lililo nyuma ya pazia linaweza kutokea lakini halisimuliwi. Ukatili wa kijinsia dhidi ya mhusika wa mchezaji mimi nauweka nyuma ya mstari kabla hata ya kuuliza, ili asiwepo mtu anayelazimika kuinua mkono mbele ya wenzake na kuuomba.

Wengine watakushauri kadi ya X iliyobuniwa na John Stavropoulos: kadi yenye herufi hiyo inawekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa linafutwa bila yeye kudaiwa maelezo. Ni chombo kizuri, lakini kina udhaifu wake. Mwanamke aliye peke yake mezani anajua kwamba akiigusa macho yote yatamgeukia, kwa hiyo hunyamaza kama ulivyonyamaza. Kwa sababu hiyo mimi huigusa kwanza mwenyewe, mapema, kwa jambo dogo, kwa mfano maelezo ya jeraha yaliyopita kiasi, kisha naendelea kusimulia. Kadi ikishaguswa na msimulizi bila dunia kusimama, wengine nao huigusa.

Ngome_Kuu amejibu:

Naheshimu yaliyoandikwa hapo juu na kitendo cha kuisogeza sanamu ya mtu sikitetei hata kidogo. Ila naona tunaelekea mahali ambapo hofu yangu inaanza, nami nitaisema wazi. Mimi napenda hadithi za giza. Nimeongoza kampeni ambamo sheria ya ufalme iliwanyima wanawake urithi, na aliyeniomba niiweke sheria hiyo alikuwa mchezaji wa kike, kwa sababu alitaka kumcheza binti aliyenyimwa kiti cha baba yake na kukitwaa kwa nguvu. Kampeni ile ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuongoza. Lau tungeanza kwa kuorodhesha yasiyoguswa, huenda hadithi ile isingezaliwa.

Naogopa pia kwamba msimulizi akiambiwa kila mara achunge, ataishia kuwapa wachezaji wa kike dunia laini isiyo na hatari, na huko ni kuwadharau kwa njia nyingine. Mchezaji anayelindwa na kila jambo hachezi mchezo sawa na wenzake. Nahodha anapaswa kuweza kutekwa, kushindwa na kufa kama mhusika mwingine yeyote. Je, mstari upo wapi kati ya kumheshimu mchezaji na kumwekea mto chini ya kila hatua yake?

Kalamu_ya_Usiku amejibu:

Ndugu Ngome_Kuu, jibu limo ndani ya mfano wako mwenyewe. Binti wa kampeni yako aliomba. Alikuja na dhuluma hiyo mkononi kama malighafi ya hadithi yake, akajua itakuja, na akawa na uwezo wa kuishinda. Nahodha wa Binti_Dadu hakuulizwa. Ukatili ni ule ule, lakini mmoja aliuchagua na mwingine aliwekewa, na aliyewekewa alikuwa mtu pekee mezani ambaye ukatili huo humtishia pia nje ya mchezo. Wachezaji wanaume wa kundi lile wangeweza kulisikia tukio la kutekwa kama hatari ya kubuni na kurudi nyumbani. Yeye alilisikia kama jambo analojihadhari nalo kila anapotembea usiku. Hiyo ndiyo tofauti ninayowaomba wasimulizi waibebe.

Wala si kweli kwamba giza ndilo linalowafukuza wanawake. Vampire: The Masquerade ilitoka mwaka 1991, na haikuwa laini hata kidogo: wahusika ni wanyonya damu, wawindaji wa watu, wanaoupoteza utu wao kidogo kidogo kwa kila dhambi. Mchezo huo ulifahamika kwa kuwavuta wanawake wengi kuliko michezo iliyoutangulia. Kwa maoni yangu sababu yake ilikuwa pale nguvu zilipowekwa. Karatasi ya mhusika wa Vampire huupa ushawishi, hila na mvuto uzito ule ule unaopewa misuli, na vita kubwa za mchezo huo hupiganwa kwa madeni, siri na usaliti katika mabaraza. Mchezaji hakuhitaji kuwa ndiye anayepiga zaidi ili awe ndiye anayeogopwa.

Hatari ya mapanga, sumu na usaliti mpe kila mchezaji kwa kipimo kimoja, bila kuangalia ni nani. Nahodha atekwe, adaiwe fidia, aone kikosi chake kikiasi na luteni wake mwenyewe akimsaliti kwa dhahabu ya adui. Kinachotakiwa ni kwamba atekwe kama nahodha. Jiulize, mhusika wa kiume angekamatwa na askari wale wale, ungesimulia nini? Kama ungesimulia mahojiano, njaa na jaribio la kutoroka, basi msimulie na yeye mahojiano, njaa na jaribio la kutoroka. Hapo ndipo ulipo mstari uliokuwa unauulizia, na hakuna mto wowote chini yake.

Niongeze jambo moja kuhusu picha, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Kwa miongo mingi vitabu vya aina hii vilimchora mpiganaji mwanamume ndani ya deraya kamili kutoka shingoni hadi vidoleni, na kando yake mpiganaji mwanamke akiwa na vipande viwili vya chuma ambavyo visingemkinga hata na kisu cha jikoni. Mchezaji mpya hufungua kitabu na kutazama picha kabla ya kusoma kanuni yoyote, na picha zile zilimwambia mapema kitabu kimeandikiwa nani. Hali imebadilika sana katika matoleo ya karibuni; kitabu cha wachezaji cha toleo la tano la Dungeons & Dragons, mwaka 2014, kinawachora wapiganaji wa kike kwa mavazi ya vita yanayoeleweka, na kinasema wazi kwamba mchezaji hafungwi na dhana za kawaida za jinsia anapomuumba mhusika wake. Msimulizi anayetafuta picha za kuonyesha mezani naye anachagua, na uchaguzi huo unaonekana.

Binti_Dadu amejibu:

Nawashukuru nyote, na Ngome_Kuu pia, kwa sababu swali lako lilikuwa ndilo ambalo kundi langu lingeniuliza na sasa nina jibu lake. Kalamu, maneno yako kuhusu kutekwa kama nahodha nimeyanakili.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, nizungumze na msimulizi peke yake au mbele ya wote? Naogopa nikisema mbele ya wote itaonekana ninawashtaki, na nikisema faraghani itaishia hapo hapo. La pili, rafiki yangu ananishauri nijiunge na kundi la wanawake watupu. Sehemu yangu moja inatamani hivyo, na nyingine inaona kama ni kuwaachia wao mchezo.

Bi_Ramani amejibu:

Zungumza na msimulizi peke yake kwanza, siku ambayo hakuna kikao, na umpe mambo mahususi. Ukimwambia kwamba hujisikii kuheshimiwa, atatumia muda wote kujitetea kwamba anakuheshimu, na pengine atasema kweli. Mwambie badala yake: mhusika wangu akizungumza, wahusika wako wamjibu yeye, sanamu yangu isiguswe, na ukatili wa kijinsia usimfikie nahodha wangu wala usitumike tena kama kichocheo cha hadithi. Ni maombi ambayo mtu anaweza kuyakubali au kuyakataa, na utekelezaji wake utaonekana katika kikao kinachofuata bila mjadala. Kisha mwombe yeye ndiye ayatangaze kwa kundi kama kanuni za meza yake, bila kulitaja jina lako. Akiwa msimulizi wa kweli atalifanya hilo, kwani ndiye mwenye mamlaka ya kusema meza yake inaendeshwaje. Akisema yanayokuhusu wewe uyamalize mwenyewe, basi amekujibu swali kubwa zaidi.

Kuhusu kundi la wanawake watupu, sioni kwamba ni kumwachia mtu chochote. Nilicheza katika kundi kama hilo kwa muda, na nilichokipata ni mazoezi: kuzungumza bila kujitayarisha kukatizwa, kukosea kanuni bila kosa hilo kuhesabiwa kwa jinsia nzima, kumcheza mhusika katili, mlevi au mwoga bila mtu kuuliza kwa nini. Niliporudi kwenye meza zenye mchanganyiko, tabia hizo nilirudi nazo. Unaweza kuwa katika makundi yote mawili kwa wakati mmoja; wengi wetu tupo.

Njia nyingine ni wewe kuchukua kiti cha msimulizi. Waombe wakupe kikao kimoja wakati msimulizi wenu anapumzika, uandae tukio fupi lenye mwanzo na mwisho, na uwaonyeshe dunia iliyojaa watu wa kila namna inavyoendeshwa. Nimeona wachezaji waliobisha kwa maneno wakielewa baada ya jioni moja ya kucheza hivyo. Lakini usilifanye kama sharti la kusikilizwa, kwani mchezaji ana haki ya kusikilizwa hata kama hatakaa kiti hicho maishani mwake.

Akikataa maombi yote matatu, ondoka na mhusika wako. Karatasi ni yako, jina ni lako, na wasimulizi wanaotafuta mchezaji anayezijua kanuni na kumpenda mhusika wake hawakosekani. Mimi mwenyewe naanza kampeni mpya ya baharini karibuni na nina nafasi ya mtu anayejua kuamrisha. Nitumie ujumbe wa faragha hata kama mambo yatakunyookea huko. Mabaharia wa kukodiwa wanahitajika.